Matanga ya Mtu Aliye Hai

Daktari wa Kasulu alinigonga mgongo, akanipima presha, akanilaza kwenye mashine ya kusoma moyo, akaitazama karatasi iliyotoka humo, kisha akaniuliza, "Mwalimu, nyumbani kwema?"

Swali lile lilinikera. Nilikuwa nimeondoka Murungu alfajiri. Nilipita hospitali ya Kibondo bila hata kugeuza shingo, kwa sababu pale kila muuguzi ana mtoto ninayemfundisha. Nimekuja mpaka Kasulu kutafuta ugonjwa wa moyo wa heshima, wenye jina refu na vidonge vya rangi mbili, halafu binti wa umri wa mdogo wangu wa mwisho ananiuliza nyumbani kwema.

"Kwema," nikamjibu.

"Unalala?"

"Nalala."

"Unakula?"

"Nakula."

"Mara ya mwisho kucheka ilikuwa lini?"

Nikamwambia nimekuja kupimwa, sikuja kwenye usaili wa kazi. Akacheka yeye. Akasema moyo wangu ni mzima kuliko wake, na kinachonibana kifua ni huzuni. Kama nataka jina la kitabibu analo, anaweza kuniandikia nikatembee nalo, lakini kwa Kiswahili ni huzuni iliyokaa muda mrefu bila kupewa kazi ya kufanya.

Alinipa vidonge vya muda mfupi vya kunisaidia usingizi. Nilipovipokea kwa pupa akavishika kwanza. "Hivi ni mguu mmoja wa kigoda," akasema. "Ile mingine siuzi mimi, utaitafuta Murungu." Akanieleza. Mwili wangu utoke jasho, nitembee, nishike jembe, nile chakula cha moto badala ya mikate na chai ya rangi. Kama nina dini niishike vizuri. Na nitafute mtu mmoja nimwambie.

"Nimwambie nini?"

"Hicho unachokijua wewe na mimi sikijui."

Nilichokuwa nakijua ni hiki. Mke wangu yuko Tanga, na tangu ulipomalizika mfungo alikuwa akiniomba talaka. Hakuniomba kwa ugomvi. Alikuja Murungu, akakaa nami msimu mmoja wa baridi na vumbi jekundu, akajaribu, akashindwa, akarudi kwao akafungua kibanda cha kushona nguo. Mimi uhamisho niliomba mpaka wakubwa wakaanza kunikimbia kwenye korido. Mwishowe akanipigia simu akasema kwa upole kwamba amechoka kuwa mke wa mtu wa kwenye simu, nimpe ruhusa yake aendelee na maisha. Sikumpa. Wala sikumkatalia. Nililikalia jambo lile kama kuku aliyeatamia yai viza, na kila aliponiuliza nilimwambia mtandao unasumbua.

Nisieleweke vibaya, mimi si mtu mbaya. Ni mtu wa siri. Mambo yangu ya ndani ni ya ndani, na kuishi Murungu na tabia hiyo ni adhabu. Huku salamu ni shughuli. Mtu anakushika viwiko vyote viwili, anakuuliza ulivyoamka, watoto walivyoamka, wazazi walivyoamka, shamba, mbuzi, mguu uliokuwa unauma mwezi uliopita, na anasubiri majibu. Mimi nilikuwa nafunga mlango kwa neno moja tu, kwema, halafu natembea haraka.

Basi nikarudi Murungu na vidonge mfukoni, nikaamua kujitibu kimyakimya.

Vidonge vilinipa usingizi, hilo nikiri. Lakini nikiamka nalikuta jambo langu limekaa palepale ukingoni mwa kitanda likinisubiri. Nikamwendea mwalimu wa michezo, kijana wa Dar es Salaam, ambaye sikumwambia kitu ila alinitazama tu akasema, "Kaka, hiyo ni stresi. Piga tizi asubuhi, utanishukuru." Akaniazima viatu vya mpira.

Kesho yake nikatoka nikaanza kukimbia barabarani. Nilipofika kwenye mashine ya kusaga nikasikia vishindo nyuma yangu. Wanaume walikuwa wananifuata mbio, wenye majembe na wenye mapanga, na mbele yao jirani yetu wa shamba la bondeni, mzee mwembamba mwenye kofia ya sufu, anahema.

"Mwalimu, kapitia wapi?"

"Nani?"

"Huyo unayemkimbiza."

"Simkimbizi mtu, mzee."

Wakatazama nyuma yangu. "Basi nani anakukimbiza?"

Nikasema hakuna. Nikasema nakimbia kwa ajili ya afya. Walisimama wakanitazama kwa huruma kubwa, mapanga yakining'inia. Mzee wa bondeni akaniambia taratibu, kama unavyomwambia mgonjwa, kwamba mtu mzima akikimbia bila kufukuzwa ndipo ndugu zake huanza kumtafutia usafiri wa hospitali. Wakanisindikiza hadi nyumbani kwa mwendo wa kawaida.

Nikaacha kukimbia, nikahamia kwenye kupumua. Redioni nilisikia mtaalamu akisema ukivuta pumzi ndefu kwa pua, ukaibana, ukaiachia kwa mdomo, fikra zinatulia. Nikajificha nyuma ya nyumba, nikakaa juu ya tofali, nikafumba macho nikaanza. Fikra zilianza kutulia kweli. Mara nikahisi kitu kizito na chenye giza kimenifunika kichwa. Mama mwenye nyumba wangu alikuwa amenitupia blanketi, na miguuni kwangu ameweka sufuria ya maji yanayochemka yenye majani ya mkaratusi. Alidhani nimebanwa na mafua. Nilijifukiza mpaka nikalowa, kwa sababu sikuwa na maelezo mengine ya kumpa.

Huyu mama ndiye niliyemchagua awe yule mtu mmoja. Alikuja akiwa mtoto mgongoni, wazazi wake wakiikimbia Burundi, akakulia kambini, akaolewa, akapata uraia, akafiwa na mume. Sasa ni mfanyabiashara wa maharage, anayanunua vijijini na kuyauza Kibondo mjini. Nilimchagua kwa sababu moja ya kijanja: katika miaka yote niliyopanga kwake sikuwahi kumsikia akisimulia habari za mtu. Nikasema huyu ndiye kisima, nikitupa humu halitatoka.

Nilimkuta jioni akichagua maharage kwenye ungo. Nikakaa karibu naye, nikaanza kuchagua naye, na nikiwa nayatazama maharage badala ya kumtazama yeye nikamwambia yote. Hakushangaa. Aliuliza maswali machache.

"Alikuwa akikupikia nini?"

"Wali wa nazi. Nazi alikuwa analetewa na basi, kwenye mfuko wa sandarusi."

"Alikuwa akicheka?"

"Sana. Kuliko mimi."

"Ego," akasema, ndiyo yake ya Kirundi. Kisha akasema, "Mwihangane," neno la huku la kumpa mtu pole, wanalolisema kwa wingi hata kama uko peke yako. Akainuka, akaweka ungo ndani, akalichukua jembe lililokuwa limeegemea mlango akalichomeka juu kwenye paa. Mimi nikaenda kulala nikiwa mwepesi, nikimsifu daktari. Suala la jembe nililiona lakini halikunipa shida, watu hupanga vitu vyao wanavyotaka.

Asubuhi nikatoka na mswaki mdomoni nikaukuta uwanja umejaa watu.

Mikeka imetandikwa. Moto umewashwa, mafiga yamebeba sufuria kubwa ya kukodishwa harusini. Akina mama wamekaa na khanga zao kichwani, wanaume kwenye magogo upande wa pili, na wote wamenyamaza. Mzee wa bondeni akanijia, akanishika viwiko, akanitazama machoni kwa muda mrefu. "Mwihangane, mwalimu."

Nikatoa mswaki. "Nani kafa?"

"Wewe ndiye unayejua," akajibu kwa adabu.

Nilimfuata mama mwenye nyumba jikoni, povu la dawa ya meno likinitiririka kidevuni. Nikamuuliza amewaambia watu nini.

"Nimewaambia ukweli. Hakuna aliyekufa."

"Sasa wanafanya nini?"

"Wanakaa."

"Wanakaa kwa ajili ya nini, mama?"

"Nyumba yako imeanguka, mwalimu. Hapa nyumba ikianguka watu wanakaa na mwenye nyumba. Hiyo ndiyo *ikiriyo*. Ninyi mnaita matanga." Akanipa kikombe cha uji. "Wewe ulifikiri utaangukiwa peke yako?"

Ndivyo nilivyofikiri, tena nilikuwa nalifanyia kazi kwa bidii. Lakini uji ulikuwa wa moto, na sikuwa nimeonja uji uliopikwa na mtu mwingine tangu mke wangu aondoke, kwa hiyo nikaacha ubishi nikanywa.

Yeye alisema ukweli, sina ugomvi naye. Shida ni kwamba ukweli ulisimama hapo uwanjani, lakini mikeka ilionekana mpaka barabarani. Huku mtu akiona mikeka, moto na akina mama wamejifunika, hasimami kuuliza marehemu ni nani, anakwenda kwake kuchukua kuni. Kufikia saa ya wanafunzi kujipanga mstarini, mkuu wa shule, mtu mwema aliyehamishwa kutoka Singida, alikuwa ameshatangaza kwamba mwalimu wa jiografia amefiwa na mke. Wanafunzi wakasimama kimya. Mwalimu wa michezo akatafuta picha ya mke wangu, akaiweka kwenye grupu la walimu pamoja na mshumaa. Grupu lile lina walimu waliohamia kila mkoa.

Kabla ya adhuhuri kwaya ya kanisa ilikuwa imefika na ngoma yake. Akaja ustadhi wa msikitini kwetu, amevaa kanzu safi, akaniuliza maiti itaswaliwa wapi. Nikamvuta pembeni nikamweleza. Alifikiri kwa makini huku akizungusha tasbihi.

"Kwa mtu aliye hai hatusomi hitima," akasema. "Hilo haliwezekani. Ila chai naweza kunywa."

Akakaa. Alikunywa chai hiyo mpaka jioni, na katikati ya vikombe akaniambia kwa sauti ya chini kwamba kumweka mwanamke hewani, si mke wala si mtalaka, ni jambo ambalo Mungu halipendi. Nikamwambia najua. Akasema kujua kwangu hakumsaidii yule mwanamke kitu chochote.

Simu ililia mchana huo huo. Nikaangalia jina, nikakimbilia nyuma ya nyumba, kwenye tofali langu la kupumulia.

"Assalamu alaykum," mke wangu akasema. "Nasikia nimekufa."

Nikajaribu kueleza. Ukiwa unamweleza mtu kwamba kuna matanga yake lakini hayamhusu kwa maana ya kumhusu, unajikuta unasema maneno mengi sana.

"Mama amezimia," akanikatiza. "Amezinduka akanikuta nashona sare za watoto wa watu, akataka kuzimia tena. Shangazi yuko njiani na sanda. Na ile picha nani aliwapa? Ile ya harusi ya dada yako, nimekaa kama gunia."

"Mwalimu wa michezo."

"Mwambie nikifa kweli aniombe picha mwenyewe." Kwaya ilikuwa imeshika wimbo, sauti zinapanda juu ya paa. "Wanaimba?"

"Wanaimba."

"Ni wengi?"

"Uwanja umejaa. Wengine wako barabarani."

"Mimi nilidhani hawanipendi. Nilikuwa nakataa maharage yao, nasema yananijaza tumbo." Nikasikia cherehani yake imesimama. "Na wewe, umelia?"

Nikasema mambo ya wanaume, kwamba mtu anavumilia, kwamba kazi zipo nyingi.

"Basi lia umalize, bwana," akasema, wala hakuwa na hasira. "Mimi zangu nilishalia, tena peke yangu. Wewe umepewa mpaka kwaya." Akakata.

Ningependa kusema nililia hapo hapo kwenye tofali. Sikulia. Nilirudi kwenye mkeka na kifua kimebana vilevile, na usiku ule, licha ya kidonge, sikulala.

Siku iliyofuata mvua za kwanza zikanyesha.

Lazima nieleze maana ya jambo hili, ingawa mimi mwenyewe nilichelewa kulielewa. Mvua za kwanza Murungu zinasubiriwa kama mshahara. Zikishuka, alfajiri yake huwezi kumkuta mtu nyumbani, vilima vyote vinalia majembe. Asubuhi ile kulikuwa kimya. Ardhi imelowa, inanukia, mbegu ziko tayari kwenye makopo, na watu wote wamekaa uwanjani kwangu wakiitazama ardhi kutoka mbali.

Nikamuuliza mama mwenye nyumba mbona hawaendi kulima. Akanyoosha kidole kwenye jembe lililochomekwa paani. Kwao, *ikiriyo* ikiwa imeketi, majirani wa kilima kile hawagusi udongo. Jembe la kwanza linashikwa na mwenye msiba siku anapoanua matanga. Hapo ndipo wengine nao wanaruhusiwa.

"Mwenye msiba ni nani?" nikauliza, nikitumaini kuna mwingine.

Mimi ni mwalimu wa jiografia. Nafundisha misimu ya mvua, na nina mchoro wake mkubwa ukutani. Na ni mimi niliyekizuia kilima kizima kupanda.

Tangu hapo hali yangu ya moyo ikawa mali ya umma. Sijawahi kuona watu wengi namna ile wakijali utulivu wa nafsi ya mtu mmoja. Mzee wa bondeni alikuwa akinijia kila mara, akitupa jicho juu mawinguni kabla ya kuniuliza, "Unajisikiaje, mwalimu?" Nikimwambia nafuu kidogo, anauliza, "Kidogo kiasi gani?" Mama mmoja alituma mtu Muyama akalete tangawizi kali ya kule, nikapondewa, nikanyweshwa. Dada yake mama mwenye nyumba akaleta asali kutoka Kagerankanda, bado ina nta na miguu ya nyuki, akasema inasafisha koo ili kilio kipite. Mwenye pombe ya ndizi alikuja na kibuyu, ustadhi akakohoa, kibuyu kikarudi. Kijana mmoja aliyekulia kambini na Wakongo akasema kwa Kiswahili chao, ugonjwa wakiuita maladi, kwamba "hiyo iko maladi ya roho, mupatie muziki," na kwaya wakaanza upya tangu mwanzo.

Siku mbili baadaye, mchana, nikasimama mbele ya watu. Nikasema nawashukuru sana, nimefarijika, kwa hiyo natangaza matanga yameanuliwa, waende wakapande. Mzee wa bondeni alikuwa ameshainuka nusu.

"Bado," mama mwenye nyumba akasema.

Mzee akakaa.

"Bado nini, mama? Si nimesema mimi mwenyewe?"

"Uji wa asubuhi umeuacha. Usiku nimekusikia ukitembea. Kulia hujalia. Unasema tu ili watu wakapande." Akawageukia wengine. "Anatudanganya, na Mungu anamwona." Wakatikisa vichwa. Hakuna aliyeinuka, hata yule ambaye mbegu zake zilikuwa zimeshaanza kuota ndani ya kopo.

Nilikasirika kweli. Nikawaambia huzuni ni yangu, nitaimaliza ninavyotaka. Nikawaambia hawana haki. Walinisikiliza kwa makini hadi mwisho, kisha mama mmoja akaniuliza kama hasira inasaidia, kwa sababu kama inasaidia niendelee, wao wana nafasi.

Nikakaa. Nikala, maana walinisimamia: ugali wa muhogo na maharage yenye mawese, wa moto kiasi cha kuunguza vidole. Nilikula sahani nzima, nikaongezwa, na mzee wa bondeni alikuwa anahesabu matonge yangu kwa midomo.

Baada ya chakula mama mwenye nyumba akasema sasa tuone alichoacha. Huo nao ni utaratibu wa matanga, vitu vya aliyeondoka hutolewa nje, vikaangaliwa, vikagawiwa. Nikasema hakuacha kitu. Akaniambia niende nikatafute vizuri. Nikaingia chumbani, nikainama chini ya kitanda, nikatoka na kibao cha kukunia nazi.

Alikuwa amekuja nacho kutoka Tanga amekipakata kwenye basi. Huku minazi haioti, na nazi zikiisha mfukoni kibao kinakuwa mti tu. Kilipita mkono kwa mkono uwanjani. Watu wakakikunja, wakakikunjua, wakagusa ule ulimi wa chuma wenye meno wakarudisha vidole haraka. Mmoja akasema ni cha kukalia wakati wa kuswali. Ustadhi akakataa. Mwingine akasema ni mtego wa panya wakubwa. Mzee wa bondeni akakichunguza kila upande, akatoa hukumu kwamba ni jembe la watu wa pwani, na kama ndivyo basi haishangazi wanakula samaki.

"Si jembe," nikasema. "Leteni niwaonyeshe."

Nikakitandaza chini, nikakikalia kama alivyokuwa akikikalia yeye, miguu pembeni, ulimi wa chuma katikati ya magoti. Nikaweka sinia la mtu chini yake. Nikawaambia unashika nusu ya nazi kwa mikono miwili, hivi, unaizungusha kwenye meno, na nyama yake inashuka nyeupe, laini, inajaa sinia. Watu walisogea. Mikono yangu ilikuwa inazungusha nazi ambayo haipo. Nikawaambia ukisikia chuma kinakwangua kifuu unageuza upande, na kwamba yeye alikuwa haangalii hata, alikuwa anakuna huku ananisimulia habari za watu, na mimi nimekaa hapo mlangoni nasahihisha madaftari, namwambia punguza kelele. Ukimaliza unatia maji ya vuguvugu, unakamua tui la kwanza, unaliweka pembeni.

Hapo kwenye kuliweka pembeni sikuweza kuendelea. Mikono ilikuwa bado inazunguka na mimi nalia. Nililia kwa sauti, mtu mzima, mwajiriwa wa serikali, nimekalia kibao cha nazi katikati ya uwanja wa Murungu, na sikuweza kunyamaza, na kusema kweli sikutaka. Hakuna aliyeniambia nyamaza. Akina mama waliniachia nafasi, mmoja akaniwekea mkono begani akauacha hapo.

Nilipoanza kupunguza, katika ule ukimya, ilisikika sauti ya mzee wa bondeni ikishusha pumzi ndefu.

"Asante, Bwana," akasema. "Na mawingu bado yapo."

Mama mwenye nyumba alimtazama kwa jicho kali. Lakini mtu mmoja akaguna, mwingine akajifunika khanga usoni mabega yakimtikisika, na mimi nikasikia kicheko, nikageuka kutafuta ni nani, kumbe ni mimi. Yule daktari wa Kasulu aliponiuliza tena mwezi uliofuata mara ya mwisho kucheka ilikuwa lini, nilimpa jibu kamili, na mahali, na mashahidi. Akauliza kama nilimpata yule mtu mmoja wa kumwambia. Nikamwambia nilimpata, ila alikuja na wenzake.

Mama akalitoa jembe paani akanikabidhi. Nikapiga pigo la kwanza pembeni mwa nyumba, kwenye kipande chake, na lilikuwa pigo baya, niligeuza bonge moja tu na kujirushia udongo mdomoni. Lilitosha. Nilipoinua uso uwanja ulikuwa mtupu. Mzee wa bondeni alikuwa anateremka mbio, mtu mzima, kofia mkononi, na hakuna aliyemuuliza anakimbizwa na nani.

Nililima na mama mpaka mgongo ukakataa. Yeye anachimba, mimi nadondosha mbegu, na jasho lile alilolisema daktari likanitoka kwa kiwango ambacho sidhani hata yeye alikikusudia. Kisha, mikono ikiwa bado na udongo, nikaenda kwenye tofali langu nikampigia simu mke wangu.

"Umemaliza?" akauliza.

"Nimemaliza."

"Sauti yako imebadilika. Unafanya nini?"

"Napanda maharage."

"Wewe?" Akasubiri nimwambie ni utani. Sikumwambia.

Nikamwambia nimempa talaka yake, moja, kwa wema, kama ustadhi alivyonielekeza, na kwamba anisamehe kwa kumchelewesha. Niliyasema maneno yale polepole, yote, na mtandao haukusumbua hata kidogo. Upande wa pili nikasikia anavuta kamasi.

"Ahsante," akasema. Na baadaye kidogo, "Kile kibao changu bado kipo?"

"Nimempa mama mwenye nyumba. Ndivyo walivyogawa."

"Atakuna nini huko?"

Nikachungulia kwenye kona. Mama alikuwa ameshakaa juu yake, ungo mapajani, anachagua maharage ya mbegu ya kesho, na ule ulimi wa chuma ameutundikia kitambaa chake cha kichwani kikauke.

"Hakuni kitu," nikamwambia. "Amekifanya kigoda."

Alicheka. Alicheka kile kicheko chake kirefu nilichokuwa namwambia apunguze, na safari hii nilikaa kwenye tofali nikakisikiliza mpaka kikaisha chenyewe.